Asali ya Kulipia Sindano

Baba yangu, Mihayo, alianza kuondoka siku ile aliposinzia akiwa na tonge la ugali mkononi.

Ilikuwa mchana. Tulikuwa tumekaa kivulini, nyuma ya nyumba yetu, katika kijiji kimoja karibu na Runzewe. Mama alikuwa amepika ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Mabula, mdogo wake baba, alikuwa anasimulia habari za mizinga. Yeye na baba walikuwa warina asali. Mabula aliwaita nyuki "wakwe zangu", kwa sababu kwao huendi na kelele wala harufu mbaya.

"Leo wakwe zangu wamenifukuza," alisema. "Nimekimbia mpaka nikaacha kiatu."

Sote tulicheka. Baba hakucheka. Tonge lilikuwa limefika karibu na mdomo, na macho yake yalikuwa yamefumba.

"Kaka!" Mabula alimgusa. "Usiku ulikuwa unalinda nini?"

Baba alishtuka. "Nani amelala? Silali mimi." Akala tonge lile, akaendelea kula kama kawaida.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Mimi, Mbuke, nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule. Naikumbuka sura ya mama ya siku ile kwa sababu alisahau kula.

Baada ya hapo baba alisinzia kila mchana. Usiku alizunguka uani bila usingizi. Kichwa kilimuuma. Homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Baba aliyekuwa mpole alianza kufoka kwa kitu kidogo, hata maji yakichelewa.

Mama akasema twende zahanati. Lakini zahanati ilikuwa mbali, na Daktari Mageni alikuwa karibu.

Mageni hakuwa daktari. Zamani alikuwa anabeba wagonjwa kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita. Aliwaona waganga wakichoma sindano, naye akaona kuwa anajua. Mgodi ulipofungwa, alirudi kwao na bomba moja la sindano. Akafungua chumba cha matibabu pale Runzewe. Mwaka 1977 ikaja sheria, chumba chake kikafungwa. Mageni akanunua baiskeli. Tangu hapo alizunguka vijijini na mfuko wake mweusi.

Alipofika kwetu, mama alimuuliza, "Serikali si imekataza matibabu ya namna hii?"

Mageni alicheka. "Imekataza biashara, Mama Mbuke. Biashara ni hela. Wewe umeniona na hela mimi? Nipe asali kidogo, yatosha. Asali siyo hela. Hiyo ni zawadi."

Tuliona amesema sawa. Kijiji kizima kilifikiri hivyo. Huyu alimpa kuku, yule mchele, na sisi asali. Kwa kuwa hakuna aliyetoa hela, hakuna aliyeona kosa.

Mageni alifunga kibuyu cha asali kwenye baiskeli kwanza. Kisha akamgeukia baba.

"Homa?"

"Homa."

"Basi ni malaria."

Alipangusa sindano kwa kitambaa, akamchoma. Homa ikashuka. Tukafurahi. Baada ya siku chache ikarudi, na Mageni akarudi, na kibuyu kingine kikaondoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mpaka vibuyu vilivyokuwa vimening'inia jikoni vikaisha. Wakati huo baba alikuwa anasinzia akiwa amesimama.

Baba alifariki mwaka 1979, wakati watu wanavuna pamba. Mizinga ilikuwa imejaa.

* * *

Mama hakulia mbele za watu. Baada ya matanga alisema neno moja tu: "Sindano ndiyo iliyommaliza. Sindano haitaingia tena katika nyumba hii."

Ikawa hivyo. Tulipougua, mama alitupa vidonge vya zahanati au majani. Walipokuja watu wa chanjo, alimbeba mdogo wangu Maige akaenda naye shambani hadi jioni.

Mizinga ya baba aliichukua Mabula. Alivaa hata shati la baba, shati jeusi la mikono mirefu. Mama alipenda kumwona nalo. Aliporudi kutoka porini, kwa mbali, alifanana na baba.

Porini kulikuwa na mbung'o wengi. Sisi hatukuwaogopa. Tulitoka Didia mwaka 1974, na Didia ni nchi ya ng'ombe. Kule kila mtu anajua kuwa mbung'o huua ng'ombe. Tulipohama, wazee walimwambia baba, "Huko uendako kuna mbung'o. Usipeleke mifugo." Baba akawaacha ng'ombe wote kwa ndugu zake.

"Mbung'o atakuja kufanya nini kwetu?" alikuwa akisema. "Chakula chake nimekiacha Didia."

Tuliamini kuwa ugonjwa wa mbung'o ni wa ng'ombe, na ng'ombe tumewaacha huko. Mbung'o alipotuuma tulimpiga kofi, tukaendelea na kazi.

Mwaka 1981, Mabula alirudi kutoka porini na uvimbe shingoni. Ulikuwa mwekundu na mgumu, kama jipu lisilo na mdomo.

"Umeumwa na nini?" mama aliuliza.

"Na wakwe zangu."

"Nyuki haachi kidonda cha namna hii."

"Basi ni mbung'o, shemeji. Amenidhania ng'ombe."

Alicheka, lakini mama hakucheka. Baada ya muda uvimbe ulinywea. Ikaja homa. Mabula akameza vidonge vya malaria, homa ikapungua, kisha ikarudi. Mama alianza kumchunguza. Alipokula, mama alitazama mkono wake. Aliponyamaza, mama alimwita jina bila sababu.

"Mabula!"

"Naam, shemeji."

"Hakuna kitu."

Siku moja Mabula alimpiga mbwa kwa sababu alipita mbele yake. Ni Mabula huyo huyo aliyekuwa akimpa mbwa yule matonge ya mwisho. Mama alikaa chini pale pale alipokuwa, ungo ukiwa mikononi.

Jioni ile Mageni alifika na baiskeli yake. Tulidhani amesikia tu habari za ugonjwa.

"Mwangaluka, Mama Mbuke," alisalimia kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa linazama. Ndivyo alivyozoea kuchekesha watu.

"Ondoka," mama alisema.

"Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeniita."

Kweli, Mabula alikuwa amemwita. Alikuwa ameshikilia kibuyu cha asali. "Shemeji, niache nichomwe," alisema. "Msimu unapita. Mizinga ikikaa hivi, wengine watairina."

Mama alikichukua kibuyu, akakiweka nyuma yake. "Kaka yako alichomwa mpaka vibuyu vikaisha. Leo yuko wapi?"

Mageni alipanda baiskeli yake akaenda. Lakini homa ilibaki.

* * *

Jirani yetu, aliyehamia hapa baada ya msiba wa baba, aliitwa Mwahija. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa Masumbwe, na yeye alikuwa mhudumu katika zahanati ile ya mbali. Alikuwa na maneno mengi na kicheko kikubwa. Mama alimpenda, ila walikuwa wameacha kuongea habari za dawa.

Asubuhi iliyofuata Mwahija alikuja kumsaidia mama kubangua karanga.

"Nimesikia umemfukuza Mageni," alisema. "Nilitamani niwepo nipige vigelegele."

"Usifurahi sana. Hata wewe na zahanati yako sikutaki na sindano."

"Mimi sijaja na sindano. Nimekuja na mikono, nibangue karanga. Ila nikuulize. Mageni mlimlipa nini?"

"Asali. Hatukumpa hela hata senti."

"Kwa nini?"

"Si sheria inakataza hela?"

Mwahija aliacha karanga. "Mama Mbuke, sheria haikutungwa kwa sababu ya hela peke yake. Ilikataza mtu binafsi kufungua matibabu ya kujitafutia faida. Asali si faida? Ukiipeleka Runzewe huiuzi?"

"Naiuza."

"Basi. Na mwaka uliofuata ikaja sheria nyingine, ya dawa na sumu. Inasema dawa hizi kali lazima zishikwe na mtu aliyesomea na kuandikishwa. Kwa nini? Kwa sababu dawa isiyo yake humfanya mgonjwa apoteze siku. Mageni alimpima baba Mbuke?"

"Alimuuliza kama ana homa."

"Kumuuliza si kumpima."

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sindano haikumuua?"

"Mimi sikumpima, siwezi kuapa. Lakini mtu anayesinzia mchana na kukesha usiku, mwenye maumivu ya kichwa na hasira, aliyekuwa anashinda porini kwenye mbung'o... Sisi tunauogopa ugonjwa mmoja. Unaitwa malale."

"Mbung'o ni wa ng'ombe."

"Wapo wanaobeba vijidudu vya watu pia. Hamkuambiwa kwa sababu Didia hamna mbung'o."

Mama alitazama upande wa nyumba. Mabula alikuwa amelala kwenye ngozi, mlangoni, na jua lilikuwa limeshampanda usoni.

"Unatibika?"

"Ukiwahi. Ukichelewa unaingia kichwani, na hapo ni kazi kubwa. Kesho kutwa watu wa utafiti kutoka Tabora watakuwa ofisi ya kijiji. Wanapima damu."

"Wanapima damu," mama alirudia. "Watu wanasema wanaiuza."

"Tone la ncha ya kidole? Nani atalinunua? Njoo uwaulize wenyewe. Uwaulize kwa ukali, kama unavyoniuliza mimi."

* * *

Siku ya kupimwa damu, mama alimtangulia Mabula njiani. Alibeba kibuyu cha asali kichwani, kile kile alichomnyang'anya Mabula. Mimi nilimshika Mabula mkono. Alisimama mara nyingi kupumzika. Kila aliposimama, mama naye alisimama bila kugeuka.

Ofisini kulikuwa na watu wachache. Wengi walisimama mbali, wakitazama gari la watu wa utafiti. Kijana mmoja alipiga kelele, "Mama Mbuke, unapeleka damu au asali? Chinjachinja hawali asali, wananyonya damu!" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea.

Ndani kulikuwa na mtu mwembamba mwenye miwani. Aliitwa Sabiti. Mbele yake, juu ya meza, palikuwa na hadubini.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba." Mama alishusha kibuyu, akakiweka mezani. "Hii hapa. Ndiyo niliyo nayo."

"Ya nini, mama?"

"Ya kazi yako."

Sabiti alikisukuma kibuyu taratibu kikarudi upande wa mama. "Siruhusiwi kuchukua kitu. Asali ni nzuri, na mimi naipenda, lakini kaa nayo. Huyu ndiye mgonjwa? Ameanza kuumwa lini? Anafanya kazi gani? Aliumwa na mbung'o? Wapi? Nionyeshe."

Mama alibaki amesimama. Baadaye aliniambia kuwa wakati ule alimkumbuka Mageni, aliyefunga asali kwenye baiskeli kabla ya kumtazama baba usoni.

"Ngoja kwanza," mama alisema. "Usipochukua asali, unakula nini? Nani anakulipa? Mtu hatoki Tabora kuja kushika vidole vyetu bure."

Sabiti alivua miwani. "Umeuliza vizuri. Kaa, nikueleze. Zamani kazi hii ya utafiti ilikuwa ya nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Ilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Kila nchi ikabaki na watu wake na vyumba vyake, na kazi ikahitaji mwenyewe mpya. Mwaka 1979 Bunge letu likapitisha sheria ya kuunda taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu."

"Mwaka 1979," mama alisema. "Mwaka ule ule."

"Mwaka ule ule nini, mama?"

"Endelea."

"Sheria ile inasema taasisi ifanye nini, na inasema kuwa Bunge litaitengea fedha. Kila mwaka wabunge wanakaa, wanagawa fedha za nchi. Hizi za barabara, hizi za shule, hizi za utafiti. Mshahara wangu na mafuta ya gari lile yanatoka huko. Mnapouza pamba, na kodi ikakatwa, ninyi ndio mmenilipa. Nikichukua na asali, nitakuwa nimekulipisha mara mbili."

"Na damu mnaipeleka wapi?"

"Hapa hapa, chini ya kioo hiki. Tunatafuta vijidudu vya malale. Tunataka kujua viko katika vijiji vipi, na dawa gani inavimaliza. Tukishajua, tunaiandikia Wizara ya Afya. Wizara ndiyo inayoziagiza zahanati namna ya kupima na kutibu. Bila kupima watu wa hapa, agizo litatungwa kwa kubahatisha."

Mabula alikuwa ameanza kusinzia kwenye benchi. Kichwa kiliinama polepole mpaka kidevu kikagusa shati lile jeusi.

Mama alikiona kidevu kile. Alimshika Mabula mkono, akaunyoosha juu ya meza.

"Mpime," alisema. "Lakini sindano hiyo nataka kuiona ikitoka kwenye maji yanayochemka."

"Hata mimi ningetaka hivyo," Sabiti alisema. Akafunua sufuria iliyokuwa juu ya jiko pembeni, maji yakichemka, akatoa sindano kwa koleo. Mama alitazama kila kitu.

Tone la damu likawekwa kwenye kioo. Sabiti akainamia hadubini. Alikaa hivyo kwa muda. Mama alishika ukingo wa meza. Nje watu walikuwa wameacha kucheka, wamejaa dirishani.

"Mama," Sabiti alisema bila kuinua kichwa, "njoo uone mwenyewe."

Mama aliinama. Alifumba jicho moja kama alivyoelekezwa. Kwanza alisema haoni kitu. Kisha akasogeza jicho karibu zaidi.

"Kuna punje punje," alisema. "Kama mtama. Na kuna kitu kinazisukuma. Kinajinyonganyonga."

"Hicho ndicho."

Mama alirudi nyuma, akafunika mdomo kwa upande wa khanga. Niliogopa kuwa ataondoka. Badala yake alimgeukia Mabula, aliyekuwa ameamka.

"Unakwenda hospitali leo," alimwambia.

"Na mizinga, shemeji?"

"Wakwe zako watangoja."

* * *

Gari lile lile lilimpeleka Mabula hospitali ya Kahama. Mama alipanda naye. Huko walimtoa maji kidogo ya uti wa mgongo, wapate kujua kama vijidudu vimefika kichwani. Yale masaa ya kungoja, mama alisema, yalikuwa mabaya kuliko matanga. Kwenye matanga ulikuwa unajua kilichotokea.

Havikuwa vimefika. Usingizi ule na hasira ile, walisema, vilikuwa vya homa na uchovu.

Dawa ilikuwa ya sindano. Ilipita polepole kwenye mshipa, na muuguzi alikaa pembeni akimwangalia Mabula. Iliendelea kwa majuma kadhaa. Mama, aliyekuwa ameapa, alikaa upande wa pili wa kitanda na kuitazama kila sindano. Hakuna aliyemdai kitu. Kibuyu cha asali alirudi nacho nyumbani. Mwahija alipokiona alisema, "Basi kipasue tule, kimetembea kuliko mimi."

Mabula alirudi amekonda. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumwita mbwa. Mbwa alisita, kisha akaja.

Sabiti alipopita tena, alilitazama lile shati jeusi kwenye kamba ya nguo. Alituambia kuwa mbung'o huvutwa na nguo nyeusi na za buluu. Mama alilianua. Hakulitupa. Alilikunja akaliweka sandukuni, na Mabula akapata shati la kaki.

Mimi nilimuuliza Sabiti kama baba alikuwa na malale. Aliniambia kuwa hawezi kusema, kwa kuwa hakuna aliyemtazama damu. Hilo hatutalijua kamwe. Ninaloliandika hapa ni lile tunalolijua.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano kwa ajili ya Mageni. Alimwonya mbele ya watu kuwa kuku, mchele na asali ni malipo, na sheria inamhusu. Watu waliinamisha vichwa, maana kila mmoja alikuwa amemlipa. Mageni hakubishana. Juma lile alihama. Inasemekana yuko upande wa Geita, kwenye kambi za watu wanaochimba dhahabu wenyewe kwa sululu. Mama bado anaogopa kwa ajili ya watu wale. Akimwona mtu anayekwenda huko, humsimamisha njiani, humwambia: "Ukipata homa, usimlipe mtu asali. Tafuta zahanati. Waambie umetoka porini. Sema neno mbung'o, wasisahau kukupima."

Sasa zahanati yetu ina utaratibu wake. Mtu wa porini akija na homa isiyosikia dawa ya malaria, anachukuliwa damu ipimwe malale. Kabla ya msimu wa asali warina wote wanapita kwa Mwahija, na wakirudi wanapita tena. Mabula anawapanga mstari. Mama haingii porini, lakini kila mara yeye ndiye wa kwanza kunyoosha kidole kichomwe.